Redio ya Kompyuta Ikikwaruza, Tuanzie Wapi?

(Mazungumzo na vijana wa kikundi cha ufundi)

Mimi ni mtu wa ustawi wa jamii, si fundi wa redio. Lakini mwezi uliopita niliwakuta mmevunjika moyo. Kile kifaa cha redio mlichonunua kwa akiba ya kikundi kilikuwa kikikwaruza tu, na mlikuwa mmeshakubaliana kununua kingine. Niliwaomba wiki moja. Nikakaa na fundi, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Katika FM, sauti husukuma masafa ya wimbi juu na chini. Stesheni ya kawaida husukuma mpaka kilohezi 75 kila upande, basi inahitaji nafasi ya karibu kilohezi 200. Simu nyingi za upepo hutumia nafasi ya kilohezi 12.5 tu. Kifaa chetu cha USB kazi yake ni kuchota mawimbi na kuyageuza namba. Kutoa sauti katika namba hizo ni kazi ya programu. Ndiyo maana kabla ya kulaumu kifaa, tuangalie kwanza tulivyoipanga programu.

Sikilizeni dalili:

1. Maneno ya taratibu yanasikika, lakini muziki ukipanda unakwaruza. Chujio ni jembamba. Huwezi kupitisha uji kwa chujio la chai! Chagua FM pana, kilohezi 200. Hili ndilo lilikuwa kosa letu.

2. Simu ya upepo inasikika hafifu, imejaa mvumo. Hapo ni kinyume: chagua FM nyembamba.

3. Stesheni moja inatokea mahali pengi. Geini imezidi na kifaa kimelemewa. Ipunguze. Wengi wetu tuliiongeza, tukazidi kuharibu.

4. Mvumo mtupu kila mahali. Angalia antena na waya wake. Kwa megahezi 100, urefu wa sentimita 75 unafaa. Isogeze karibu na dirisha, mbali na chaja na kompyuta.

5. Sauti inakatika vipande vipande. Kompyuta imechoka. Punguza sampuli, milioni moja kwa sekunde zatosha kwa stesheni moja.

6. Mstari katikati ya skrini hauondoki hata ukichomoa antena. Huo ni wa kifaa chenyewe, si stesheni. Usihangaike nao.

Jambo la mwisho, na ndilo kubwa. Siku ile kila mmoja wenu alikuwa akibonyeza lake, na hakuna aliyejua nani ameharibu nini. Badilisheni kitu kimoja, msikilize, muandike daftarini. Kama hakikusaidia, mkirudishe kilivyokuwa kabla ya kugusa kingine.

Redio sasa inaongea vizuri, na pesa za kununua nyingine bado ziko kwa mweka hazina. Kaeni mzungumze zitafanya kazi gani.