MSHAHARA WA MWALIMU UGENINI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Wanachama, Lushoto)



Walimu kadhaa vijana wa milima yetu wameniuliza swali moja: Mwalimu wa Kiswahili akienda kufundisha ng'ambo hulipwa kiasi gani? Swali hili ni jema, lakini ni nusu ya swali. Nusu ya pili ndiyo niliyokuja kuisema: katika kiasi hicho, ni kipi kitakachokuwa chake, na kwa hati gani?

Mkulima wa Soni apelekaye nyanya Dar es Salaam hahesabu bei ya Kariakoo kuwa ndiyo fedha yake. Hutoa kwanza nauli ya gari, bei ya matenga, ushuru na ujira wa dalali, tena hukumbuka zile zilizooza njiani. Kinachosalia ndicho mali yake. Ajabu ni kwamba mwana wa mkulima huyo, akiisha kuwa mwalimu, husikia habari za mshahara wa ng'ambo akaufurahia kwa bei ya Kariakoo.

Wala safari hizi si jambo jipya. Naomba ruhusa nieleze habari za watu wawili wa nchi yetu.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki, zamani zile mji wetu huu ulipoitwa Wilhelmstal. Maandishi yake yamo kwa wingi katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichopigwa chapa mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten. Mwaka 1904 alioa huko mwanamke wa Kijerumani. Mwaka uliofuata alitaka kurejea kwao pamoja na mkewe, lakini serikali ya kikoloni ikamkataza mke asishuke, nao wakarudi Ujerumani. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Kumbe nauli ya kurudi ni jambo moja, na ruhusa ya kurudi pamoja na watu wako ni jambo jingine.

Wa pili ni Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam. Alifika Berlin mwaka 1929, akadai mshahara wake na wa baba yake, kwa kuwa wote wawili walilitumikia jeshi la Wajerumani katika vita vya 1914-1918. Akajibiwa ya kuwa muda wa kudai umekwisha kupita. Akabaki huko, akawa mtumishi wa meza na mchezaji wa filamu, kisha akafundisha Kiswahili katika chuo kile kile cha Mtoro. Lakini alihesabiwa kuwa msaidizi wa lugha tu, wala hakupewa cheo cha mwalimu kamili, na ujira wake ulikuwa mdogo. Mwaka 1941 aliiacha kazi hiyo, na mwaka huo huo akakamatwa na serikali ya Wanazi. Alikufa katika kambi ya Sachsenhausen, Novemba 1944. Sisemi ya kuwa mkataba mwema ungalimwokoa katika mikono ya madhalimu wale. Nasema ya kuwa cheo kilichoandikwa chini ya kazi itendwayo, na deni lililochelewa kudaiwa, hata leo huwapunja watu.

Basi, mwalimu aitwaye ng'ambo na aulize mambo matano.

Kwanza, cheo changu ni kipi, na je, nitapewa mshahara au posho? Katika mpango wa Fulbright wa walimu wa lugha za kigeni, walimu waliokwenda vyuo vya Marekani walipewa posho ya mwaka mmoja wa masomo, wala familia hazikufuatana nao. Hilo si kosa, maadamu mtu amelijua kabla ya kuondoka.

Pili, kodi ya mapato ni kiasi gani, na ni serikali ipi itakayoitoza?

Tatu, nyumba ni ya nani? Mshahara mkubwa katika mji wa kodi kubwa za nyumba waweza kuwa mdogo kuliko wa Lushoto.

Nne, nikiugua nani atalipa, na nikifiwa nani atanipa nauli ya kuja kuzika?

Tano, nalo ndilo lisahauliwalo zaidi, pensheni yangu itakuwaje? Mtumishi wa umma wa Tanzania huchanga asilimia 5 ya mshahara wake katika mfuko wa PSSSF, na mwajiri huchanga asilimia 15. Pensheni ya uzeeni hutaka michango ya miezi 180. Mwenye miezi 150, akikaa ng'ambo miaka mitatu bila mchango, atarudi mwenye mvi zaidi, na miezi ile ile 150. Kwa hiyo na aulize, tena ajibiwe kwa barua: ruhusa yangu ni ya namna gani, na mchango utalipwa na nani?

Kwa waendao Kenya, Uganda au Rwanda, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa mfanyakazi mgeni haki za hifadhi ya jamii kama mwenyeji. Lakini haki haimfuati mtu asiyeidai.

Wazee wetu walifahamu hayo. Mwaka 1922, pale Tanga, Martin Kayamba na wenziwe waliunda chama cha watumishi Waafrika wa serikali, kwa kuwa sauti ya mmoja hupotea. Nasi tufanye vivyo hivyo: kijana asitie sahihi peke yake usiku kwa furaha. Na auleta mkataba wake, tuusome pamoja neno kwa neno, na nakala moja ibaki kwa wazazi wake kabla hajateremka Mombo.

Mali bila daftari hupotea bila habari.