Mtoto Akishakuwa Mtu Mzima na Pombe Imemshinda: Kazi ya Mzazi ni Ipi?

Hotuba iliyotayarishwa kwa ajili ya mabaraza ya wazazi na wakulima wa majani chai, Sosiot

 

Mada ya leo ni ile ambayo watu huizungumza jikoni kwa sauti ya chini. Mtoto amelelewa vizuri, amesomeshwa, amefika umri wa kuoa, kisha pombe ikamshika. Majirani wanasema, "Samaki mkunje angali mbichi," na mzazi anainamisha kichwa. Methali hiyo ina maana kwa mwenye mtoto wa miaka kumi. Haimsaidii mzazi ambaye mwanawe ana miaka 28, kwa sababu samaki huyo amekwisha kukauka. Swali la mzazi huyo ni jingine: kesho asubuhi nifanye nini?

Tuseme kuna mama hapa Belgut mwenye ekari moja na nusu ya majani chai. Mwanawe wa pili alisomea ufundi wa umeme, akafanya kazi mwaka mmoja, akaachishwa. Sasa kila asubuhi mikono inamtetemeka mpaka apate kitu cha kunywa. Wiki iliyopita muuza pombe alifika nyumbani na daftari: shilingi 2,400. Mama akalipa ili aibu iondoke mlangoni. Baba anasema kijana afukuzwe. Mama anamfichia chakula. Wazazi wenyewe siku hizi hawaongei vizuri. Huu ni mfano tu, si nyumba ya mtu fulani, lakini wengi mnaijua nyumba inayofanana nayo.

Kwanza, sheria. Nchini Kenya mtu huwa mtu mzima anapotimiza miaka 18. Katiba inampa mtoto haki ya kutunzwa na baba na mama yake, lakini akivuka umri huo, wajibu huo wa kisheria kwa kawaida huisha. Kuanzia hapo deni lake ni lake mwenyewe, isipokuwa mzazi alijitolea kuwa mdhamini. Kwa hiyo muuza pombe aliyekuja na daftari hana haki ya kumdai mama. Hili lisemwe waziwazi, kwa sababu aibu imewalipisha wazazi wengi pesa ambazo hawakudaiwa. Tena, mama akilipa, muuzaji hafungi daftari. Hufungua ukurasa mpya, kwa kuwa sasa anajua nani atalipa.

Lakini sheria ikisema wajibu umekwisha, moyo hausemi hivyo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hakuna anayewaambia wazazi wa Sosiot waoshe mikono. Kinachosemwa hapa ni kwamba mzazi halazimiki kuchagua kati ya kulipia kila kitu na kufukuza. Anaweza kuacha kuibeba pombe huku akiendelea kumbeba mwanawe. Tofauti hiyo inaonekana katika mambo madogo ya kila siku, nayo ndiyo kiini cha mazungumzo haya.

Pili, ugonjwa. Utafiti wa kitaifa wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Mkenya mmoja kati ya kila 20 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 ana uraibu wa pombe, yaani watu zaidi ya milioni 1.3. Hiyo ni idadi kubwa mno kusema kwamba wote walilelewa vibaya. Sheria ya Afya ya Akili ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022 ilimhesabu mtu mwenye uraibu wa pombe, akishapimwa na mtaalamu, kuwa miongoni mwa wanaostahili matibabu ya afya ya akili. Kwa hiyo mahali pake pa kwanza ni hospitali. Mzazi anayejiuliza usiku alikosea wapi anaweza kulipumzisha swali hilo. Hata akipata jibu, jibu halitamtibu kijana.

Na hapa kuna jambo ambalo kila nyumba inapaswa kulijua, kwa sababu linaweza kuua. Baadhi ya familia, zikichoka, humfungia kijana chumbani "mpaka pombe imtoke". Kwa mtu anayekunywa sana kila siku, kukatiza pombe ghafla ni hatari kubwa. Ndani ya saa chache huanza kutetemeka, kutokwa jasho na kutapika. Siku ya kwanza au ya pili anaweza kupatwa na kifafa. Siku ya pili hadi ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akaona vitu visivyokuwepo, joto la mwili likapanda, na akafariki. Hospitalini kuna dawa za kutuliza hali hiyo, na hupewa pia vitamini B1 kwa sababu pombe huimaliza mwilini. Hii haimaanishi mzazi amnunulie pombe. Inamaanisha asimfungie, na asikawie kumpeleka kwa daktari. Kijana akianguka kifafa au akianza kuweweseka, hiyo ni dharura, hata kama ni saa nane za usiku.

Dharura nyingine ni pombe yenye sumu. Mwaka 2014 makumi ya Wakenya katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kitui, walikufa kwa pombe iliyochanganywa na methanoli. Februari 2024 msiba kama huo ulirudi katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga. Methanoli haina haraka. Mtu hulewa kama kawaida, akalala, na saa kumi na mbili au zaidi baadaye anaumwa kichwa na tumbo, anatapika, na macho yanaona ukungu. Wengi huiita hangova na kumwacha alale. Anayelalamika kwamba haoni vizuri baada ya kunywa apelekwe hospitali wakati huohuo, kwa boda boda au kwa gari la jirani.

Sasa, turudi kwa mama wa Belgut. Mkono wake ufanye nini?

Kuhusu pesa, aache kulipa madeni ya pombe, na amwambie muuzaji hivyo mbele ya kijana. Aache kumpa pesa taslimu na kumtumia za M-Pesa "za kutafuta kazi". Nauli ya kwenda hospitali ailipe mwenyewe kwa dereva. Dawa anunue yeye. Sahani ya chakula iwepo mezani kwa kila mtu, bila kufichwa, kwa sababu mlevi anayekula ana nafuu kuliko mlevi mwenye njaa, na chakula hakiuziki baa.

Kuhusu majani chai, mapato yakipitia mikononi mwa kijana, mwezi wa bonasi unakuwa mwezi wa matanga. Akitaka kuchuma, achume na alipwe kazi aliyofanya, lakini akaunti na namba ya mkulima zibaki kwa wazazi. Wapo kina baba hapa wanaobembelezwa wamkatie kijana kipande chake sasa ili "apate akili". Wafikirie tena. Shamba la kilimo haliuzwi kihalali bila idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, lakini mapatano ya pembeni hufanyika kabla bodi haijasikia lolote, na kurudisha shamba mahakamani ni safari ndefu. Baba anaweza kumwonyesha kijana sehemu yake, akamwachia ailime, na hati isubiri. Hajamnyima urithi. Amemtunzia.

Kuhusu mlango, kila nyumba iwe na masharti machache yanayojulikana: hakuna pombe kuletwa nyumbani, hakuna kupiga mtu, hakuna kuuza kitu cha nyumba. Baba na mama wakubaliane kabla ya kumwambia, wakiwa wawili, asubuhi kabla hajanywa. Mzazi mmoja akikaza na mwingine akilegeza usiku, kijana atapita katikati yao. Hasira za saa nne za usiku hazisikiki na mtu aliyelewa. Zinasikika na watoto wadogo waliolala chumba cha pili.

Na kama kijana anapiga, mzazi asivumilie kwa jina la mapenzi. Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Kinyumbani ya mwaka 2015 inawalinda watu wa familia wote, si wanandoa peke yao. Mzazi anaweza kuiomba mahakama amri ya kumlinda. Namba 1195 hupokea simu za ukatili bila malipo. Kumwita chifu hakumfanyi mtu kuwa mzazi mbaya. Kunaweza kumwokoa kijana na kesi ya mauaji.

Tatu, msaada unapatikana wapi? Hatua ya kwanza iko karibu: kituo cha afya cha Sosiot, au mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako, ambaye ataeleza kama anahitaji kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kericho. Kwa ushauri wa simu, namba ya NACADA ni 1192, haina malipo, na hata mzazi anaweza kuipiga yeye mwenyewe kabla kijana hajakubali lolote. Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret ina huduma ya waraibu. Kabla ya kulipia kituo cha kibinafsi cha kurekebisha tabia, ulizeni kama kimeidhinishwa na NACADA, kina daktari, na hakimchapi mgonjwa wala kumfunga minyororo.

Bima ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na matibabu ya afya ya akili na ya uraibu yamo katika mpango wake. Kijana wa miaka 28 aliyeacha masomo hahesabiwi tena chini ya mzazi. Ajiandikishe mwenyewe, na mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Hiyo ndiyo pesa ambayo mzazi akitaka kulipa, alipe. Shilingi 2,400 zilizoingia kwenye daftari la muuza pombe zingekuwa mchango wa miezi minane.

Wengine watauliza kama matibabu yanafaa kitu. Utafiti uliofanyiwa Eldoret na kuchapishwa mwaka 2011 uliwafuata wagonjwa wa kliniki ya Ukimwi waliokuwa wakinywa. Baadhi yao walihudhuria vikao sita vya kikundi vilivyoongozwa na washauri wa kawaida waliofunzwa, wasio madaktari. Miezi mitatu baadaye, karibu saba kati ya kumi ya waliohudhuria walisema wameacha. Kwa wale ambao hawakuhudhuria, ni chini ya wanne kati ya kumi. Kwa hiyo maneno yakipangwa vizuri, yakasemwa na watu wa hapa kwa lugha ya hapa, yana kazi.

Lakini wazazi wajue pia kwamba wengi huanguka tena. Kijana akirudi kunywa baada ya miezi mitatu, ile miezi mitatu haikupotea. Arudishwe kliniki kama anavyorudishwa mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imepanda. Asipokewe kwa sherehe, asipokewe kwa matusi.

Kuna jambo gumu la kusema kabla ya kumaliza. Baadhi ya karo zilizolipwa hapa zilitoka kwenye chang'aa. Kina mama waliopika si watu wabaya. Walikuwa na watoto wa kusomesha, na majani pekee hayakutosha. Zamani pombe ya wazee ilinyweka kwa mirija kutoka chungu kimoja, wazee wakiwa wameketi pamoja, na kijana hakukaribia. Leo kijana ndiye mteja. Tangu mashine za kuchuma zilipoingia kwenye mashamba makubwa, kazi zimepungua, na saa tupu za mchana zimekuwa nyingi. Sheria ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na baa haziruhusiwi kuuza kabla ya saa kumi na moja jioni siku za kazi. Katiba imezipa kaunti kazi ya kutoa leseni za pombe, kwa hiyo malalamiko ya kokwet kuhusu baa inayofungua asubuhi yaletwe kwenye ofisi ya kaunti ndogo, kwa maandishi, yakiwa na majina ya wazee. Na anayepika nyumbani ajiulize ni mtoto wa nani anayelipia karo ya mtoto wake.

Mwisho, mzazi mwenyewe. Mama asiyelala kwa sababu ya mwana ataugua presha kabla ya mwana kupona. Mwaka 1951 Lois Wilson wa Marekani, ambaye mume wake alikuwa mlevi akaacha, alisaidia kuanzisha Al-Anon, vikundi vya familia za walevi kukutana na kuzungumza. Sosiot haihitaji kungoja jengo wala bajeti kwa hilo. Kina mama wana vyama vya kuchangishana pesa. Dakika ishirini za kikao hicho zaweza kuwa za kusema, "Nyumbani kwangu kuna shida hii," na kusikilizwa bila kuhukumiwa.

Basi muuza pombe akirudi na daftari lake, mama wa Belgut amjibu kwa heshima kwamba deni hilo si lake. Kisha amgeukie mwanawe amwambie kwamba Jumatatu asubuhi kuna boda boda ya kwenda kituo cha afya, imelipiwa, na yeye mama atapanda naye. Kijana akikataa Jumatatu hiyo, Jumatatu nyingine itakuja, na ahadi ibaki ileile.