Mtu Si Kitu

Masomo: Mwanzo 2:7, Luka 12:6-7

Asubuhi hii twataka kulitazama swali ambalo mtoto aweza kuliuliza na mzee asipate jibu upesi: Mtu na kitu vyatofautianaje?

Lugha yetu ya Kiswahili imeyaweka maneno haya mawili karibu sana. Ondoa silabi ya kwanza, na yote mawili yatabaki na shina moja, "-tu". Lakini silabi ile ya kwanza ina uzito. Kitu kimeanguka, bali mtu ameanguka. Hata kipofu na kiziwi, ambao majina yao huanza kama majina ya vitu, hatusemi "kimekuja", twasema "amekuja". Lugha yakataa kumhesabu mwanadamu pamoja na meza. Hata hivyo, watu wakitaka kumdharau mwenzao humrudisha upande wa vitu: humwita kijitu, au kizee. Naye afanyaye kazi ya kutwa huitwa kibarua, neno lililotokana na barua ndogo, yaani kile cheti alichopewa ili siku zake za kazi zihesabiwe. Cheti kikachukua mahali pa mwenye cheti.

Mwaka 2001 mwanafalsafa mmoja wa Marekani, Trenton Merricks, alitoa kitabu kiitwacho Objects and Persons, maana yake Vitu na Watu. Ni kitabu kigumu, kilichoandikwa kwa ajili ya wasomi, lakini hoja yake kuu twaweza kuieleza kwa mfano anaoutumia yeye mwenyewe. Mpira umerushwa, ukavunja kioo cha dirisha. Ni nini kilichovunja kioo? Sote twajibu, "Mpira." Lakini mpira umefanyizwa kwa atomu nyingi mno, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo, zikienda pamoja, zilikipiga kile kioo, nazo zatosha kukivunja. Basi, auliza Merricks, mpira wenyewe umeongeza kazi gani juu ya kazi ya chembe zake? Hakuna. Na kitu kisichokuwa na kazi yake chenyewe, asema, hatuna sababu ya kukitia katika hesabu ya vitu vilivyopo. Kwake yeye hakuna mpira, wala sanamu, wala kiti. Kuna chembe tu, zilizopangwa kwa namna ya mpira, ya sanamu, ya kiti.

Huenda wacheka, ndugu msikilizaji. Hata Merricks ajua kwamba jambo hili ni la ajabu. Hatukatazi kusema "kiti" nyumbani kwetu. Asema kwamba wazo letu la kila siku juu ya kiti, ingawa si kweli kamili, lafaa karibu sawa na kweli. Wanafalsafa wengi wamempinga, nao wana hoja zao. Sisi hatukuja kuwanyang'anya viti mnavyokalia. Tumekileta kitabu hiki mbele yenu kwa sababu ya mahali kinapokoma.

Maana mtu huyu aliyekwisha kuvifuta mpira na sanamu, alipofika kwa mwanadamu, kalamu yake ilisimama. Mwanadamu naye ana mwili uliofanyizwa kwa chembe. Mbona yeye hakufutwa? Kwa sababu, asema Merricks, mtu hufikiri na kuamua, na kwa kuamua kwake hutokea mambo ambayo hayatokani na kazi ya chembe zake peke yake. Tuchukue mfano wetu wenyewe. Mama aamka usiku wa manane, asikiapo baridi, aende kumfunika mtoto wake blanketi. Chembe moja haina huruma, wala chembe ya pili haina. Mama anayo. Hapa pana kazi iliyo yake mwenyewe, na kwa hiyo yeye yupo.

Miaka 11 kabla yake, yaani mwaka 1990, mwenzake Peter van Inwagen alitoa kitabu kiitwacho Material Beings. Yeye aliuliza: Vitu vingi huwa kitu kimoja lini? Je, ni vikigusana? Watu wawili wakipeana mikono, hakuzaliwi kiumbe cha tatu. Je, ni vikishikamana? Hata mikono yao ingegandamana isiachane, bado ni watu wawili. Jibu lake ni kwamba chembe huwa kitu kimoja pale tu kazi yao ya pamoja inapokuwa uhai. Basi naye aliiacha meza akamshika mwanadamu, pamoja na viumbe vingine vyote vilivyo hai.

Hatusemi kwamba kitabu cha Mwanzo kiliandikwa kufundisha habari za atomu. Lakini msomaji wa sura ya 2 hawezi kuona haya mageni kabisa. Mavumbi yalikuwapo, na umbo lilikuwapo, lakini hapakuwa na mtu aliye hai mpaka pumzi ya Mungu ilipomwingia.

Sasa tuingie nyumbani. Baba amepigwa na kiharusi. Hasemi, na upande mmoja wa mwili hauna nguvu. Watoto wamekizunguka kitanda, wanagawana gharama za dawa, kisha wanaanza kugawana na shamba, mbele ya macho yake. Mmoja asema, "Huyu hajui lolote." Na mwingine aliyesoma aweza kuongeza, "Ikiwa mtu ni mtu kwa sababu ya kufikiri, baba amebaki nini?"

Ndugu, ngoja kidogo. Kwanza, ni nani aliyekuambia kwamba hafikiri? Wako wagonjwa wengi wa kiharusi wanaosikia na kuelewa, ingawa ulimi umefungwa. Kunyamaza si kutowaza. Pili, kifua kile kingali kinapanda na kushuka. Uhai mmoja wavishika viungo vyake vyote, chenye nguvu na kisicho na nguvu. Yeye si rundo, ni baba. Tatu, na hili ndilo kubwa, vitabu hivi viwili vyauliza kama mtu yupo. Havikuandikwa kutupa mizani ya thamani yake. Atakayepima thamani ya mtu kwa kazi awezayo kuifanya, atamfuta mtoto mchanga asubuhi na kumfuta mzee jioni.

Bwana Yesu alichukua mizani nyingine. Alitaja shomoro, ndege wa bei ndogo kabisa sokoni, waliouzwa kwa vijisenti. Muuzaji alihesabu fedha. Mungu hakumsahau hata ndege mmoja. Thamani ya baba yule imo katika kukumbukwa huko, nayo haikupungua siku ile mkono wake ulipolegea.

Kwa hiyo, leo jioni, ingia chumbani mwa mgonjwa wako umsalimu kwanza, kwa jina lake au kwa heshima yake: "Baba, shikamoo." Ukitaka kumgeuza kitandani, mwambie kabla ya kumshika. Mambo ya shamba yazungumzeni naye, au nje ya mlango. Na yule afanyaye kazi ya kutwa shambani kwako, muulize jina lake, umwite kwa hilo.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyetufanya kwa mavumbi na kutupa pumzi, twakushukuru kwa kuwa hukutusahau. Uwakumbuke leo walio vitandani wasioweza kusema. Utufundishe kuwatazama kama uwatazamavyo wewe. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.