Kumpeleka Mnyama Nane Nane na Kumrudisha Bomani

Kila mwaka ukifika mwezi wa tano naulizwa swali lilelile: "Daktari, na sisi mwaka huu tupeleke ng'ombe Nane Nane?" Mimi nina cheti tu, si daktari, lakini nimeshazoea kuitwa hivyo. Jibu langu ni ndiyo, pelekeni. Wanunuzi wa madume ya mbegu wanafika pale, na ninyi mnao Boran, zebu wa asili na kondoo wekundu wa Kimaasai ambao wataalamu wanawasifu kwa kuvumilia minyoo. Hawana sababu ya kubaki wamefichwa huku.

Lakini leo sikuja kuwafundisha kuosha ng'ombe. Nimekuja kwa sababu ya beberu mmoja.

Miaka michache iliyopita boma moja ninalolihudumia walitaka kupeleka beberu wa Galla. Nilifurahi. Nilimkagua meno, nikampunguza kwato, nikamwonyesha kijana jinsi ya kumsimamisha. Chanjo ya sotoka nilimpa mwenyewe, siku mbili kabla ya kupandishwa kwenye lori. Kule watu walimsifu sana. Jioni ya tarehe 9 Agosti akarudi, macho yanamchuruzika kidogo. Tukasema ni vumbi la safari, akaingizwa zizini pamoja na wenzake. Juma lililofuata mbuzi wakaanza kutoa kamasi nzito, vidonda mdomoni, kisha kuhara. Kabla mwezi haujaisha mama wa boma lile hakuwa na mbuzi wa kukamua hata maziwa ya chai ya watoto. Chanjo haifanyi kazi siku inapochomwa. Mwili unahitaji kama wiki mbili kujenga kinga, na hilo nililijua. Na juu ya namna ya kumrudisha mnyama nyumbani sikuwa nimesema neno hata moja.

Kwa hiyo tuhesabu siku pamoja, tukianzia mwisho.

Maonesho ya kanda yetu hufanyika viwanja vya Themi, Njiro, Arusha, tarehe 1 hadi 8 Agosti. Wanyama wanatoka Arusha, Manyara na Kilimanjaro, na wanasimama ukuta kwa ukuta. Rudini nyuma kutoka hapo. Chanjo ya miguu na midomo, kwa ng'ombe ambaye hajawahi kuchanjwa, huchomwa mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili ni kama wiki nne. Basi ya kwanza iwe mwanzoni mwa Juni na ya pili mwanzoni mwa Julai. Homa ya mapafu na kimeta zipate nafasi yake katika miezi hiyohiyo, kwa mpangilio nitakaowapa. Mbuzi na kondoo wachanjwe sotoka Juni, na msichanje yule anayesafiri peke yake. Chanjeni kundi zima, kwa sababu wanaobaki ndio watakaopokea atakachorudi nacho. Dawa ya minyoo apewe mapema Julai. Kuogesha kuendelee kama kawaida, ila siku chache kabla ya safari mwogesheni tena. Kupe mmoja sikioni anatosha kuwaaibisha, na anatosha pia kumpelekea ndigana ng'ombe wa mwenzenu.

Kila dawa mnayompa, niambieni, nasi tuandike tarehe. Ng'ombe wa maziwa akishachomwa antibiotiki, maziwa yake yana siku za kusubiri kama ilivyoandikwa kwenye chupa ya dawa. Wageni wa maonesho wanapenda kuonja maziwa, na watoto wao pia. Maziwa ya kuonjesha yachemshwe, maana brusela haionekani kwa macho.

Sasa kuchagua. Hapa wazee mtanisamehe. Mara nyingi mzee anachagua dume mwenye pembe kubwa na rangi anayoipenda. Mwamuzi anaangalia miguu kwanza: anatembeaje, amesimama sawa au magoti yamegongana. Kisha mgongo, kidari, na kwa dume korodani mbili zilizolingana. Kwa jike anashika kiwele, anahesabu chuchu nne na kutazama kama zinatoa maziwa sawasawa. Kumwuliza mama anayemkamua kila asubuhi ni njia fupi kuliko kubishana chini ya mti. Yeye ndiye anayejua chuchu ipi ina uvimbe na ng'ombe yupi anapiga teke.

Umri msidanganye. Mwamuzi anafungua mdomo. Meno mawili makubwa ni kama miaka miwili, manane ni zaidi ya minne, na mnyama aliyeandikishwa kundi la wadogo akiwa na meno manane huondolewa mbele ya watu.

Mnyama wetu amezoea nyika, mbwa na mchungaji mmoja. Kule kuna vipaza sauti, miavuli, watoto wanaopiga kelele. Kwa hiyo mwezi mzima kabla, mfungeni hatamu kila jioni, mtembezeni, msimamisheni kimya kama dakika kumi. Vijana mnaweza kuweka redio karibu yake, na hili sisemi kwa mzaha. Anayemwongoza awe yuleyule aliyemzoeza. Fimbo iachwe nyumbani. Kwato zipunguzwe wiki mbili au tatu kabla, si usiku wa kuondoka, ili akichechemea apate muda wa kupona. Aoshwe kwa maji na sabuni kidogo. Msimpake mafuta ya kupikia, vumbi lote la Njiro litabaki juu yake.

Chakula kinaua wengi kuliko watu wanavyodhani. Mtu anampa ng'ombe ndoo ya pumba na mahindi siku ya mwisho ili tumbo lionekane. Ng'ombe wa majani hajui mahindi. Tumbo linachacha au linajaa gesi, na asubuhi mnakuta amelala. Kama mnataka kumwongezea pumba au mashudu, anzeni na konzi chache na mpandishe polepole kwa wiki tatu. Na bebeni majani mnayomlisha nyumbani, yatoshe hata siku za kwanza kule.

Karatasi ni hizi. Hereni sikioni yenye namba inayosomeka. Cheti cha chanjo. Kibali cha kusafirisha mifugo, ambacho nakiandika baada ya kumwona mnyama mwenyewe, si kwa kupigiwa simu. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 ndiyo inayotufunga hapo. Kata ikiwa chini ya karantini, hakuna mnyama anayetoka, hata kama lori limeshalipwa. Nalisema mapema ili siku hiyo tusigombane. Na kurudi nako ni safari: ombeni kibali cha kurudi kabla ya kuondoka kiwanjani.

Lori liwe limeoshwa, sakafu iwekwe mchanga au majani makavu asiteleze. Safirini alfajiri. Mbuzi wasichanganywe na ng'ombe, na madume wawili wasiofahamiana wasifungwe pamoja. Kule kiwanjani tumieni ndoo yenu ya maji. Jirani akiomba kuiazima, mpeni maji, ndoo ibaki.

Sasa kurudi, ambako mimi nilikosea.

Kabla hajaondoka, jengeni kizizi kidogo cha miiba mbali na zizi kubwa, mahali ambapo wengine hawapiti kwenda majini. Akirudi anashukia huko moja kwa moja. Asipelekwe alalili, maana ndiko mnakowalisha ndama na wanyonge. Akae siku 21. Majani na maji apelekewe, na anayemhudumia aanze na kundi kubwa, amalizie kwake, kisha anawe mikono na viatu kwa sabuni. Kila asubuhi mwangalieni macho, pua, mdomo, miguu na kinyesi. Akitoa mate mengi, akichechemea, akikohoa, akihara au akikataa kula, msimguse mwingine. Mniite, hata usiku.

Siku 21 zinatosha kuonyesha miguu na midomo, na sotoka pia. Homa ya mapafu inaweza kujificha miezi, na kwa hiyo ndiyo maana nasisitiza chanjo yake kwa ng'ombe wote. Yule dume mliyemnunua pale maonesho kwa kumpenda, naye anaingia kwenye kizizi hichohicho, hata kama aliyemuuza ni ndugu.

Najua mtaniambia: wageni watakuja kumtazama mshindi, tumfiche vipi mibani? Wamtazame kwa mbali, juu ya ua. Mzee mwenye beberu yule mwaka jana alipeleka kondoo dume. Kizizi alikijenga mwenyewe kabla sijafika, na nilipotaka kuingia na viatu vyangu alinizuia, akamwita mtoto alete maji na sabuni.

Anayetaka kwenda mwaka huu aje aniambie kabla Mei haijaisha, pamoja na idadi ya wanyama wote wa bomani, ili niagize chanjo za kuwatosha.