Bima ya Afya kwa Wote: Nani Atamlipia Asiye Nacho?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya jamaa wa Sinza, Dar es Salaam, baada ya sala ya Alasiri)





Tangu Septemba 2022, Mswada wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ulipofikishwa bungeni Dodoma, kila kijiwe cha Sinza, kuanzia Mori hadi Makaburini, kimekuwa na wabunge wake. Wako wanaosema bima ni haramu, wakamaliza. Wako wanaosema serikali imeamua, tulipe tu. Wako pia wasiosema neno kwa kuwa hawana cha kulipa, na hao ndio tuliowakusudia zaidi leo.

Kwanza tukumbushane jambo ambalo wengi wenu mlikuwamo ndani yake. Mzee wetu mmoja wa jamaa hii alifariki asubuhi katika hospitali ambayo hatutaitaja jina. Deni la matibabu lilikuwa limekwisha kupanda kuliko uwezo wa watoto wake. Tukaambiwa mwili hautoki mpaka fedha zipatikane. Dini yetu inatuagiza tumharakishe maiti kwenda kaburini mwake, nasi tulikuwa nje ya geti tangu kabla ya Adhuhuri, tukipitisha kofia mkono kwa mkono na kuwapigia simu ndugu walioko mikoani. Tulimzika siku ya pili. Jioni ile hakuna aliyetuuliza kama bima ni halali au haramu. Swali lililokuwa vinywani mwa wote lilikuwa moja: kwa nini hatukuchanga mapema, mzee akiwa bado hai, na huenda angepelekwa hospitali mapema pia?

Ndugu wasikilizaji, haikuwa hivi siku zote. Wazee waliopo hapa, waliopata viwanja Sinza katika miaka ya 1970 ulipokuja ule mpango wa viwanja na huduma, wanakumbuka kwamba mtu alikwenda hospitali ya serikali bila kushika hata senti. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 tiba ilihesabiwa kuwa haki ya kila mwananchi, na mwaka 1977 hospitali za kibinafsi za kutafuta faida zikapigwa marufuku. Lakini uchumi ulipoanguka, dawa nazo zikaadimika. Bure ikabaki kwenye maneno, na mgonjwa akawa anaandikiwa dawa bure ili akainunue kwa magendo. Mwaka 1991 hospitali binafsi zikaruhusiwa tena. Mwaka 1993 ukaanza utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ukajaribiwa kule Igunga, na sheria yake ikaja mwaka 2001. Mwaka huohuo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya 1999, ukaanza kazi kwa watumishi wa umma, ukipokea asilimia 6 ya mshahara, mwajiri na mwajiriwa wakigawana sawa.

Matokeo yake ni kwamba mswada ulipoletwa 2022, Watanzania waliokuwa na bima ya namna yoyote hawakuzidi sana asilimia 15. Mwalimu wa shule alikuwa nayo. Mama ntilie wa Kijiweni anayemlisha mwalimu huyo hakuwa nayo. Hata ndugu zetu wa Unguja na Pemba, ambako tangu Mapinduzi ya 1964 tiba ya serikali ilitangazwa kuwa bure, nao mwaka 2023 wameunda Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar. Asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya bara peke yake.

Sasa tuingie katika suala la dini, maana hapa ndipo sauti hupanda. Ni kweli wanazuoni wengi wameikataa bima ya biashara. Majmaa ya Fikihi ya Kiislamu iliyokaa Jeddah mwezi Desemba 1985 iliamua kwamba mkataba wa bima ya biashara wenye malipo maalumu una gharari kubwa, yaani mambo yasiyojulikana mwisho wake, kwa hiyo haufai. Wenye kulinukuu azimio hili mabarazani mara nyingi huishia hapo, wakaacha sehemu yake ya pili. Majmaa hiyohiyo iliruhusu bima ya kushirikiana, ambamo watu huchanga kwa nia ya kusaidiana na wala si mtu kuuza hofu ya mwenzake kwa faida. Katika mafundisho ya Mtume Mtukufu s.a.w. tunao mfano wa kabila la Ashari, ambao chakula kilipowapungukia safarini au mjini walikusanya kila walichonacho katika nguo moja, kisha wakagawana kwa kipimo sawa, na Mtume s.a.w. akawasifu hata akawahesabu kuwa ni watu wake. Tunayo pia desturi ya akila, ambapo jamaa wote hubeba pamoja diya ya mmoja wao aliyeua bila kukusudia. Nani atasema kwamba watu wanaoruhusiwa kubeba kwa pamoja mzigo wa damu hawaruhusiwi kubeba kwa pamoja mzigo wa figo?

Mfuko wa taifa hauna wanahisa wa kugawana faida. Kwa sura hiyo uko karibu zaidi na ushirikiano kuliko biashara. Lakini hatutaficha dosari: fedha zake huwekezwa pia katika hati za serikali na amana za benki zenye riba. Hili tuliseme wazi, tuliombee njia, na tuwaandikie wahusika kwa adabu. Mwongozo wa takaful ulitolewa nchini mwaka 2022, kwa hiyo ombi la kuwekeza sehemu ya michango kwa njia isiyo na riba si la ajabu tena serikalini. Kukaa barazani tukitoa hukumu huku mgonjwa anasubiri si njia ya wanazuoni wetu wema. Sultani Nuruddin Zengi alijenga hospitali Damaskas mwaka 1154, na Qalawun akajenga Kairo mwaka 1284, na zote ziliendeshwa kwa mapato ya wakfu: maduka, mashamba na nyumba za kupangisha. Masikini alitibiwa humo bila kulipa. Wakfu zetu za Dar es Salaam zina nini? Tunauliza tu.

Lipo jambo jingine ambalo kwetu ni zito kuliko riba ya amana, nalo halizungumzwi. Sheria iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023 imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Hilo ni jema kabisa, na bila hilo neno “kwa wote” lingekuwa mapambo. Lakini katika vyanzo vya mfuko huo vimetajwa ushuru wa vinywaji vyenye gesi, vipodozi, vileo, na tozo ya michezo ya kubahatisha. Ndugu zetu, sisi ni watu wa Sinza. Mji mzima unatujua kwa mabaa. Mtu akitoka hapa kwenda Shekilango atapita mahali pa bia na mahali pa kubeti zaidi ya anavyopita misikiti, shule na zahanati kwa pamoja. Kwa hesabu hiyo Sinza itakuwa mfadhili mkubwa wa afya ya taifa!

Wapo waliotuuliza: je, masikini Mwislamu atibiwe kwa fedha hizo? Jawabu letu ni kwamba yeye hana kosa. Hakuuza pombe wala hakucheza kamari. Haki yake iko kwa mtawala aliyechukua jukumu la kumlea, na fedha zilipopitia katika hazina zimechanganyika na za mkulima na za mvuvi. Asikatae dawa. Ila kwa mtawala tuna neno. Quran Tukufu imetufundisha kwamba katika ulevi na kamari kuna faida kwa watu, na kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko faida hiyo. Mfuko unaonenepa kadiri watu wanavyolewa una tatizo katika shina lake. Ukitaka kumtibu masikini wa Manzese itakupasa umwombee mlevi wa Sinza asiache. Na huyo mlevi naye ini likimharibikia atakuja kutibiwa kwa mfuko uleule. Nchi za Afrika zilikubaliana Abuja mwaka 2001 kuipa afya asilimia 15 ya bajeti, na bajeti yetu imekuwa chini ya hapo. Pengo hilo lizibwe kwanza kwa kodi ya wote, ndipo ushuru wa pombe uwe adhabu kwa pombe badala ya kuwa tegemeo la wagonjwa.

Tuje kwenye kiwango. Mwaka 2022 ilitajwa Shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na 84,000 kwa mtu mmoja, wakati kaya nyingi mikoani zilikuwa zinalipa 30,000 katika ule Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa. Mswada wa awali ukafungamanisha bima na leseni ya udereva, hati ya kusafiria na mambo mengine kama hayo. Watu wakalalamika, na mjadala ukaahirishwa zaidi ya mara moja kabla ya kupita. Malalamiko yale hayakuwa ukaidi. Kijana wa bodaboda hupata leo, akakosa kesho. Ukimwambia alipe kwa siku ataweza, ukimwambia alete ya mwaka mzima kwa mkupuo atakukimbia, si kwa kuwa hapendi kutibiwa bali kwa kuwa hajawahi kushika fedha hizo kwa pamoja.

Tena hiyo kaya ya watu sita ni ipi? Hesabu ya siku nyingi ya bima ni mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wanne. Nyumba zetu za Sinza haziko hivyo. Kuna mama mzazi aliyeletwa kutoka Rufiji, kuna mpwa anayesoma, na wapo wenye wake wawili ambao sheria ya ndoa ya nchi hii inawatambua. Tusinung'unike chini kwa chini. Mwenye wake wawili aulize wazi, aandikiwe jibu.

Na sisi wenyewe, je, tu safi? Hapa tunawaomba mtuvumilie. Mnaikumbuka Toto Afya Kadi. Kwa Shilingi 50,400 mtoto alitibiwa mwaka mzima. Mwaka 2023 Mfuko ukasitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja, ukataka watoto waandikishwe kwa njia ya shule au pamoja na kaya, kwa sababu michango ilizidiwa mbali na matumizi. Vilio vilisikika kila mahali, nasi tulilia. Lakini tuulizane kwa haki: wangapi walikata kadi mtoto akiwa mzima? Tunawajua waliokwenda kukata mtoto akiwa tayari amelala wodini. Tunawajua walioazimana kadi, binamu akatibiwa kwa jina la binamu. Bima ni maji ya mtungi mmoja, na kila mtu akija kunywa siku ya kiu bila kuchota siku nyingine, mtungi utakauka hata uwe mkubwa namna gani. Kuazima kadi ni kusema uongo mbele ya daktari na kula mali ya watu usiowajua. Daktari naye anaandika katika faili la Fatuma maradhi ya Zainabu, na siku Fatuma akiugua kweli atatibiwa kwa historia isiyo yake.

Upande wa hospitali nako kuna lawama. Tarehe 1 Machi 2024, Mfuko ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wake zikidai bei hazilingani na gharama. Mwanachama aliyekatwa mshahara miaka yote akafika mapokezi na kadi yake, akaambiwa atoe fedha taslimu. Na katika vituo vya umma wengi tumewahi kuonyeshwa mlango wa duka la dawa la nje: hiyo hapa hakuna, kanunue. Kadi isiyo na dawa nyuma yake ni karatasi. Majirani zetu wa Kenya nao walibadilisha mfuko wao Oktoba 2024, mwajiriwa akikatwa asilimia 2.75 ya kipato chote, na mahakama zao zikajaa mashauri.

Pamoja na hayo yote, rai yetu ni kwamba tuingie. Tuingie tukidai dawa ziwepo, tukidai malipo ya kidogo kidogo, tukidai uwekezaji usio na riba, na tukidai orodha ya masikini iandikwe kwa haki. Hili la mwisho linatuhusu leo hii. Orodha hizo hupitia mitaani, na mtaani kila mtu ana shemeji. Mjane asiyejua ofisi ya mtaa ilipo hataandikwa na mtu asipomshika mkono.

Kwa hiyo tumekubaliana na wazee kwamba baada ya sala ya Magharibi leo, ndugu wawili na dada wawili watakaa pale kwenye kibaraza wakiwa na daftari. Kila mmoja ataje nyumba anayoijua, iwe ya Mwislamu au ya jirani Mkristo, isiyoweza kulipa: wajane, wazee wasio na watoto, wenye kisukari na presha wanaonunua dawa nusu dozi. Jumatatu asubuhi watafuatana nao hadi serikali ya mtaa. Mfuko wetu wa wagonjwa, ule uliozaliwa siku ya ile kofia getini, utazilipia kaya zitakazoachwa nje ya orodha, kwa kadiri ya kilichomo. Mweka hazina atasoma kilichomo kabla hatujatawanyika.

Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.