Michezo ya Nchi ya Theluji, na Mbio za Miteremko ya Meru

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee, walimu na wazazi wa upande wa Meru)



Leo twataka kusema nanyi habari za nchi ya mbali iitwayo Ufini, na jinsi watu wake wachezavyo michezo yao. Labda mtu atauliza, "Ufini yatuhusu nini sisi watu wa migomba na kahawa?" Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu. Theluji sisi twaijua kwa macho tu. Alfajiri, mawingu yakiondoka, twaiona juu ya Kibo, na mara moja moja juu ya Meru wetu. Wafini huikanyaga miezi mingi ya mwaka. Walakini tunalotaka kulionyesha si baridi yao, bali ni hili: mchezo wa taifa hauzaliwi uwanjani siku ya shindano. Huzaliwa katika njia za kila siku, kisha hulindwa kwa utaratibu wa wenyeji wenyewe. La kwanza sisi tunalo tele. La pili ndilo lililotuleta hapa.

Kwanza yafaa tukumbuke yaliyo yetu. Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. Tarehe 2 Februari 1974, katika mji wa Christchurch, New Zealand, alikimbia meta 1,500 kwa dakika 3, sekunde 32 na sehemu 2 za kumi, na hapana mtu ulimwenguni aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Hakujificha nyuma ya wenzake ili awapite mwishoni, kama ilivyokuwa desturi ya wengi. Alishika mbele tangu mwanzo hata mwisho. Mwaka uliofuata, mjini Kingston, akavunja na rekodi ya maili moja, kwa dakika 3 na sekunde 51. Mwaka 1980, katika michezo ya Olimpiki ya Moscow, yeye alipata medali ya fedha katika mbio za kuruka vizuizi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika meta 5,000. Hizo ndizo medali za kwanza za Tanzania katika Olimpiki, na hata michezo ya Paris ya mwaka 2024 ilipokwisha, hazikuwa zimeongezeka.

Kisha tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda mbio ndefu za marathoni katika mashindano ya dunia ya riadha. Yeye na Mjerumani Amanal Petros walikimbia maili zaidi ya ishirini na sita, wakaufikia utepe karibu pamoja, na wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ya kamera ndiyo iliyoamua: Simbu alitangulia kwa sehemu tatu za mia ya sekunde moja. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Simbu ni mwana wa Singida, lakini barabara za Arusha zimemnoa kama jiwe linoavyo panga.

Basi tazameni: toka Bayi wa Christchurch hata Simbu wa Tokyo ni miaka 51. Katika miaka hiyo wakimbiaji wengine hodari walitokea, nao wametuletea heshima. Lakini ni watoto wangapi wa Poli, Nkoaranga, Ngaramtoni na Olmotonyi waliokimbia vizuri wakiwa shuleni, wakamaliza masomo, wakapotea katika shamba au mjini, wala hapana aliyeandika jina lao? Hapo ndipo Ufini inapotuhusu.

Ufini si nchi kubwa kwa watu. Wenyeji wake ni kama milioni tano na nusu. Ni nchi ya misitu, na ya maziwa zaidi ya 180,000. Upande wa kaskazini kabisa, wakati wa baridi, jua halichomozi kwa muda wa majuma saba hivi. Zamani watu wake wengi walikuwa wakulima na wakata miti, tena maskini, na hata mwaka 1917 walikuwa chini ya Urusi. Katika nchi kama hiyo, theluji ikijaa, mtu asiye na chombo cha kupitia hawezi kufika kwa jirani. Kwa hiyo tangu zamani sana walijifunga miguuni mbao mbili ndefu, nyembamba, zilizopindwa mbele, nazo huitwa skii, wakateleza juu ya theluji wakijisukuma kwa fimbo. Kwa skii walikwenda kuwinda, na kupeleka habari, na watoto walikwenda shuleni. Mchezo ukazaliwa katika safari hizo. Hata leo shule za huko huwa na likizo ya juma moja wakati wa theluji, na mashindano makubwa ya skii hufanyika katika mji wa Lahti tangu mwaka 1923.

Je, hilo si kama kwetu? Mtoto wa Meru huteremka asubuhi kwenda shule, na jioni hupanda mlima na mzigo. Mama zetu huteremka na ndizi mpaka gulioni Tengeru, wakarudi kwa miguu. Mji wa Arusha wenyewe uko juu ya futi 4,500 kutoka baharini, na wengi wetu twakaa juu zaidi ya hapo. Hewa ni nyembamba, na kifua huzoea kazi tangu utotoni. Mfini alipewa theluji, sisi tulipewa mteremko.

Sasa sikilizeni walivyofanya na kile walichopewa. Mwaka 1912, mjini Stockholm, Mfini Hannes Kolehmainen alipata dhahabu tatu katika mbio, lakini bendera iliyopandishwa ilikuwa ya Urusi. Baada yake akaja Paavo Nurmi, mwana wa seremala wa mji wa Turku. Baba yake alikufa yeye akiwa na miaka 12, akaacha shule, akawa mtoto wa kutumwa na kusukuma mkokoteni wa mizigo. Mtu huyo alipata medali 12 za Olimpiki, na 9 kati yake ni za dhahabu. Mwaka 1924, mjini Paris, alishinda meta 1,500 na meta 5,000 siku moja, katika muda usiozidi saa mbili. Siri yake wengi waliiona mkononi mwake: alikuwa akikimbia ameshika saa. Hakushindana na watu tu, alishindana na dakika. Mwaka huohuo alikuwa ameweka rekodi ya meta 1,500 kwa dakika 3, sekunde 52 na sehemu 6 za kumi. Miaka hamsini baadaye mtoto wa Karatu aliipita hesabu hiyo kwa sekunde zaidi ya ishirini. Basi asiseme mtu kwamba mambo haya ni ya wazungu tu.

Tena yuko Lasse Virén, askari polisi wa kijiji cha Myrskylä. Mwaka 1972, mjini München, katikati ya mbio za meta 10,000, alijikwaa akaanguka chini. Aliinuka, akawafuata wenzake, akawapita, akashinda, na juu ya hayo akavunja rekodi ya dunia. Wafini wana neno lao, sisu, maana yake ni moyo wa kutokata tamaa hata mambo yanapokuwa magumu kabisa. Sisi twasema, kuanguka si kushindwa.

Na mkuki, je? Vijana wa Kiarusha na wa Kimaasai waujua mkuki kwa kulinda mifugo. Wafini huurusha kwa mashindano, na kurusha mkuki ni fahari yao kubwa. Katika uwanja wa Olimpiki wa Helsinki uko mnara mrefu meta 72 na sentimeta 71. Urefu huo ndio umbali ambao Matti Järvinen alitupa mkuki mwaka 1932, akapata dhahabu. Taifa lililomkumbuka mtupa mkuki kwa mnara halifanyi mchezo kuwa jambo la kitoto.

Hata hivyo, hawakosi mzaha. Katika kijiji cha Sonkajärvi, tangu mwaka 1992, kuna mashindano ya wanaume kukimbia wamebeba wake zao mgongoni, wakivuka vizuizi na maji. Mshindi hupewa pombe yenye uzito sawa na wa mkewe. Wazee wasicheke sana, wala wasianze kuwapima wake zao. Neno letu ni kwamba huko mchezo ni wa watu wote, wala si wa mabingwa peke yao.

Sasa tuje kwenye utaratibu, maana ndio kiini. La kwanza ni njia. Kwa desturi ya Ufini, mtu aweza kupita kwa miguu au kwa skii katika msitu wa mwenzake bila kuomba ruhusa, mradi asiharibu mazao wala asisumbue watu nyumbani mwao. Serikali za miji na vijiji hutengeneza njia za skii na kuziwekea taa, kwa sababu ya giza la majira ya baridi. La pili ni vyama. Karibu kila mahali kuna chama cha michezo, na wazazi wenyewe ndio wanaofundisha watoto na kusimamia mashindano, wengi bila mshahara. La tatu ni wanawake. Katika Olimpiki ya mwaka 1952, wanawake waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana katika mbio ndefu za skii, Lydia Wideman wa Ufini ndiye aliyeshinda, na Wafini wenzake wawili wakamfuata.

Haki hutaka tuseme na la upande wa pili. Tangu Virén ashinde mwaka 1976, Ufini haikupata tena dhahabu ya Olimpiki katika meta 5,000 wala 10,000, na nyingi kati ya dhahabu hizo zimekuja Afrika ya Mashariki na Ethiopia. Sifa huhama, lakini njia zao zingalipo, na mzee wa miaka sabini huonekana akiteleza msituni kwa afya yake. Hiyo ndiyo faida isiyohama.

Wako na wa kwetu waliokwenda kujifunza huko. Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji wa upande wa Eldoret, alipelekwa Ufini mwaka 1996 kujifunza skii, naye hakuwa ameizoea theluji hata kidogo. Mwaka 1998 alishindana katika Olimpiki ya Nagano, nchini Japani, katika maili sita na zaidi. Alimaliza wa mwisho, dakika kama 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe. Lakini Dæhlie alikuwa hajaondoka. Alikuwa amemngoja pale mwisho wa njia, akamkumbatia mbele ya ulimwengu wote. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie, na akarudi kushindana mwaka 2002 na 2006. Twaona katika habari hiyo kwamba mshindi wa kweli humngoja mwenziwe, na kwamba wa mwisho aliyemaliza ana heshima yake.

Basi, wazee na walimu, twaomba mambo manne, nayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, uwanja wa shule ulindwe. Ardhi ya mlimani ni haba, twajua, na kila mwaka shamba husogea hatua mbili, ukuta hatua tatu, mpaka watoto wakabaki na kipande cha kusimamia tu. Watu wa Meru hawafundishwi na mtu thamani ya ardhi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda mpaka Umoja wa Mataifa, New York, kudai ardhi ya Engare Nanyuki. Waliosafiri mbali vile kwa ajili ya ardhi ya baba, wasiache ardhi ya mtoto iliwe pembeni kidogokidogo. Mipaka ya uwanja ipimwe, ipandwe miti, na iandikwe katika kumbukumbu za kijiji.

Pili, saa na daftari. Sisi tulio makarani twajua kwamba jambo lisiloandikwa husahauliwa. Mwalimu achukue kamba ya meta 50, apime mara nane kuzunguka uwanja au njia tambarare, naye atapata meta 400. Watoto wakimbie mara moja kila mwezi, na jina, tarehe na muda wa kila mmoja viandikwe. Mtoto atashindana na muda wake mwenyewe, kama Nurmi, na daftari litaonyesha ni nani wa kupelekwa kwenye mashindano ya wilaya.

Tatu, wasichana. Mwaka 2023, mjini Berlin, Magdalena Shauri wa Tanzania alikuwa wa tatu katika marathoni, kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Msichana akirudi shuleni na kukuta kuni na maji vyote vinamngoja yeye, na kaka yake yuko uwanjani, Shauri wa pili atatoka wapi? Kazi za nyumbani zigawanywe.

Nne, wazazi wafike. Mcheza kwao hutuzwa, lakini atatuzwa na nani ikiwa kwao hapana aliyekuja kutazama? Siku ya michezo wazee waketi pale, wamshangilie wa kwanza, nao wasiondoke mpaka wa mwisho amefika.

Theluji ya Ufini hatuna, wala hatuihitaji. Simbu alishinda kwa sehemu tatu za mia ya sekunde, na muda mdogo kama huo hauokotwi siku ya shindano. Huwekwa akiba kidogokidogo, asubuhi baada ya asubuhi, katika njia iliyo wazi na mbele ya watu wanaojali. Haba na haba hujaza kibaba.