Chai ya Kijani: Kinywaji cha Afya, Si Dawa ya Kutembezwa

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, Nansio, Ukerewe)



Jina la chai ya kijani si geni tena masokoni. Husemwa kwamba yaondoa presha, yaponya kisukari, yapunguza unene na hata kuzuia saratani. Na mara nyingi mwenye kusema hivyo ndiye mwenye kuiuza. Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Chai ya kijani yenyewe ni kitu chema. Kinachotembezwa ni uongo uliofungwa pamoja nayo katika pakiti moja. Yafaa basi kila mwanachama, na hasa kila kamati yenye duka la chama, ijue ukweli wake kabla fedha haijatoka mkononi.

ASILI YAKE

Wengi hudhani kwamba chai ya kijani hutoka katika mti wa namna nyingine. Sivyo. Mti ni ule ule wa chai nyeusi, ambao Wajerumani waliupanda Amani katika milima ya Usambara mwaka 1902, na Kyimbila, Rungwe, mwaka 1904. Ndio mti unaolimwa Rungwe, Mufindi, Njombe na Lushoto, na pia Bukoba na Muleba upande wa magharibi wa Ziwa hili.

Tofauti imo katika kazi ya kiwandani. Jani la chai nyeusi hunyaushwa, husagwa, kisha huachwa lipate hewa mpaka ligeuke rangi ya kahawia, ndipo likaushwe. Jani la chai ya kijani hupashwa moto mapema, kwa mvuke kama wafanyavyo Wajapani, au katika kikaango kikavu kama ilivyo desturi ya Wachina wengi, ili lisigeuke. Mama wa nyumbani ajua jambo hili bila kufundishwa: ndizi mbichi iliyomenywa ikiachwa wazi huwa nyeusi, bali ikitiwa mapema katika maji ya moto hubaki na rangi yake.

YALIYOCHUNGUZWA

Katika mkoa wa Miyagi, Japani, watu 40,530 wenye umri wa miaka 40 hadi 79 walifuatiliwa kwa muda wa hadi miaka 11, na matokeo yakatangazwa mwaka 2006. Waliokunywa vikombe vitano au zaidi vya chai ya kijani kwa siku walikufa wachache zaidi, hasa kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, kuliko waliokunywa chini ya kikombe kimoja. Lakini kwa vifo vya saratani hapakuonekana tofauti. Huko Uingereza, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2022 juu ya watu karibu laki tano, ambao wengi wao hunywa chai nyeusi, ulionyesha kwamba wanywao vikombe viwili au zaidi kwa siku nao walikuwa na nafuu ndogo ya namna hiyo.

Hapa yafaa kufikiri vizuri. Watu hao walitazamwa tu. Hawakutibiwa kwa chai. Huenda mnywaji wa chai hutofautiana na mwenzake pia kwa chakula na kwa kazi. Kwa hiyo lisemwalo kwa haki ni hili: chai, ya kijani au nyeusi, ni kinywaji kinachokwenda pamoja na afya njema. Mgonjwa wa presha au wa kisukari anayeacha vidonge vya hospitali kwa ajili ya majani ya chai anajihatarishia maisha.

FAIDA YA KWANZA NI SUKARI ISIYOTIWA

Desturi ya chai ya kijani ni kunywewa bila sukari na bila maziwa, na hapo ndipo ilipo faida yake iliyo wazi kuliko zote. Tuseme nyumba ina watu sita, kila mmoja hunywa vikombe viwili kwa siku, na kila kikombe hutiwa vijiko viwili vya sukari. Hivyo ni vijiko 24. Kijiko kikichukua gramu 5, nyumba hiyo hutumia gramu 120 kwa siku, yaani kilo 3 na gramu 600 kwa siku 30. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba ni bora mtu mzima asizidishe kama gramu 25 za sukari kwa siku. Katika nyumba hiyo kila mtu amekwisha kupata gramu 20 kwa chai peke yake, kabla ya soda na kabla ya maandazi.

Mwanachama asiyeweza kununua chai ya kijani asihuzunike. Akiandaa chai yake ya kawaida, nyepesi, na kupunguza sukari kijiko kimoja kila juma mpaka ulimi uzoee, amekwisha kupata sehemu kubwa ya faida hiyo, na fedha ya sukari imebaki nyumbani.

CHAI NA DAMU

Jambo lisilotajwa na wauzaji ndilo kubwa kuliko yote kwa watu wa visiwa hivi. Ndani ya chai mna ule ukakasi unaokausha ulimi. Ukakasi huo hukamata madini ya chuma yaliyomo katika chakula, hasa katika maharagwe, mboga za majani na nafaka, na kuyazuia yasiingie mwilini. Nayo madini ya chuma ndiyo yanayojenga damu. Chai ya kijani na chai nyeusi zote zina tabia hiyo.

Ukerewe imejulikana kwa miaka mingi kuwa mahali penye kichocho kingi. Kichocho cha tumbo hupoteza damu kidogo kidogo, minyoo ya safura huinyonya, malaria huiharibu, na mama mjamzito huihitaji kwa watu wawili. Mtu wa namna hiyo akila mlo wake na kuusukuma kwa kikombe cha chai kali, anajinyima kwa mkono mmoja alichojipa kwa mkono wa pili.

Dawa ya jambo hili haina gharama. Chai inywewe kati ya milo: saa moja au zaidi baada ya kula. Mezani, mahali pa chai yawepo maji safi na chungwa, kwa maana machungwa ya Ukerewe ni mengi, nayo husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Limau na ndimu hufanya kazi hiyo hiyo. Mama mjamzito aliyepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki asivimeze kwa chai, bali kwa maji. Na mtoto mdogo asizoeshwe chai pamoja na kiazi au muhogo asubuhi. Uji wenye karanga au dagaa waliosagwa wamfaa zaidi.

NAMNA YA KUIANDAA

Maji ya ziwa lazima yachemke kweli kweli, kwa kuwa moto huua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Faida hiyo ni ya moto, wala si ya jani. Wala asidanganyike mtu kwamba chai itamkinga na kichocho: kichocho huingia kwa ngozi, mtu anapooga, anapofua au anapovua katika maji yenye konokono.

Maji yakiisha kuchemka, yaepuliwe na kuachwa dakika chache yatulie. Ndipo yamiminwe juu ya majani, kijiko kidogo kimoja kwa kikombe, yakae dakika mbili au tatu, kisha yachujwe. Majani hayo hayo yaweza kumiminiwa maji mara ya pili. Kosa la wengi ni kuyachemsha majani ya kijani ndani ya sufuria kama yale meusi. Hapo huwa machungu, na uchungu humfanya mtu arudie sukari.

Wala chai isinywewe ikiwa inaunguza. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walieleza kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 za joto yumkini huleta saratani ya umio, yaani ya njia ya chakula. Na ugonjwa huo umeenea Afrika ya Mashariki. Kusubiri kikombe kipoe si uvivu.

JIKONI

Katika Japani chai ya moto humiminwa juu ya wali, ukaliwa pamoja na kipande cha samaki. Na samaki wenye shombo huchemshwa kwa chai ili shombo ipungue. Katika Hangzhou, China, kamba hukaangwa pamoja na majani ya chai. Mapishi hayo si mageni sana kwa mtu wa ziwani. Dagaa wakavu waweza kuchemshwa dakika chache katika chai nyepesi, maji hayo yamwagwe, kisha waungwe kwa nyanya, kitunguu na ndimu. Sato naye aweza kupikwa kwa mvuke juu ya maji yenye majani ya chai na tangawizi. Mpishi akumbuke tu habari ya damu: katika chakula cha mjamzito na cha mtoto, ndimu peke yake yatosha kuondoa shombo.

DUKANI

Kamati inayotaka kuweka chai hii dukani na ifanye kwanza hesabu ya kikombe. Bei ya pakiti igawanywe kwa idadi ya vifuko au kwa uzito wake, gramu 2 zikihesabiwa kikombe kimoja. Pakiti ndogo yenye picha nzuri mara nyingi huonekana rahisi mpaka ihesabiwe hivyo. Nyumba ile ya watu sita, ikitumia majani mara mbili, yahitaji kama gramu 360 kwa mwezi. Mwanachama alinganishe gharama hiyo na ya zile kilo za sukari, aamue mwenyewe.

Pili, mtunza ghala ajue kwamba chai hunusa kila kitu. Ikisafiri kutoka Mwanza karibu na magunia ya dagaa, au ikikaa rafu moja na sabuni na mafuta ya taa, itafika kikombeni na harufu zao. Na iwekwe katika kopo la bati lenye kifuniko, mahali pakavu pasipo jua.

Tatu, vidonge na unga wa kupunguza unene visemwavyo kuwa vimetokana na chai ya kijani visipewe nafasi katika duka la chama. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba kiini cha chai hiyo katika virutubisho, kikifika miligramu 800 au zaidi kwa siku, huweza kudhuru ini. Kikombe cha kawaida hakina hatari hiyo.

Duka la mtu binafsi laweza kuuza matumaini. Duka la chama ni mali ya wale wale wanaonunua, na faida itokanayo na kumdanganya mwanachama ni hasara iliyoandikwa upande usio wake wa daftari. Chai ya kijani na iuzwe kama chai. Na anayeinunua aambiwe mambo mawili tu: asitie sukari, na asinywe pamoja na chakula.